Heru Juu: 'Jina litakuja la shemeji'

Watu wengi wa Dar ukiwatajia Kigoma wanakujibu mambo matatu tu: mwisho wa reli, dagaa na mawese. Basi nawapeni habari wapenzi wasomaji. Ukifika Heru Juu reli huioni, ziwa hulioni, dagaa unawakuta gengeni wamekauka zamani, na mawese yanapanda mlima kwa bodaboda kama ulivyopanda wewe. Hii ni Kigoma nyingine, Kigoma ya juu, ya Kasulu na Kibondo, ya migomba na maharage na baridi ya alfajiri inayomfanya mtoto wa Mbagala kama mimi aombe kuazimwa koti.

Nilikwenda na mshikaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne, Muha wa hukohuko, ambaye miaka yote alikuwa ananipigia kelele kwamba mimi ni mwandishi gani nisiyevuka Morogoro. Haya, nimevuka. Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, halafu ndio unaanza kuingia nchi ya Waha: Kakonko, Kibondo, Kasulu. Kiuno kimeniuma siku tatu lakini sisemi kitu.

Huku juu basi linasimamishwa kwenye vizuizi na maofisa wanapanda kuangalia vitambulisho, maana Burundi iko jirani mno. Mimi nilifungua mdomo mara moja tu, Kiswahili cha Mbagala kikanitetea, wakapita. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu aliulizwa anatoka wapi, anakwenda kwa nani, baba yake nani. Wala hakukasirika. Alifungua pindo la kanga akatoa barua ya mtendaji wa kijiji iliyokunjwa mpaka imekuwa kama tiketi ya daladala, wakaisoma, wakamrudishia, akaifunga tena kwenye pindo lake. Hakuna abiria aliyegeuka kumwangalia. Nikamuuliza mshikaji wangu, vipi tena? Akanijibu, "Ukishafika nyumbani utaelewa, wewe lala."

Heru Juu unaifikia kwa kutokea Kasulu mjini, unapanda na bodaboda, na dereva anazungumza na simu njia nzima kama vile mlima ni wa baba yake. Ukifika juu unaelewa kwa nini watawala wa zamani walichagua kukaa hapa. Unaona vilima juu ya vilima, kila kimoja na migomba yake na moshi wake wa jikoni, na mtu akija kwako unamwona saa nzima kabla hajafika. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Mwami wa Heru. Na kwa taarifa ya akina kaka wanaodhani mwanamke kutawala ni mambo ya juzi, Mwami wa mwisho mwisho wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyetawala tangu wakati wa Mwingereza mpaka uchifu ulipofutwa baada ya uhuru. Ntare ni simba. Sasa wewe endelea kubisha.

Nilikaa siku sita. Salamu tu za pale zinakula nusu saa. Unasema "Mwakeye", unajibiwa, unaulizwa umelalaje, wa kwenu wamelalaje, halafu linakuja lile swali ambalo kila mzee aliniuliza: wewe ni mtoto wa nani? Sio unafanya kazi gani, sio unaitwa nani. Mtoto wa nani, wa wapi. Ukishajibu hilo ndio unapewa kigoda. Mshikaji wangu alikuwa anajibu kwa niaba yangu, na mimi nikawa mtu.

Sasa vijana wa pale nao wana dunia yao nyingine, iko kwenye simu, na huko hakuna anayekuuliza mtoto wa nani. Si mchezo! Umeme wa gridi ya taifa uliunganishwa Kigoma mwaka 2022, kwa hiyo ile foleni ya kuchaji simu kwenye duka lenye sola imepungua, na vijana wanashinda Facebook na WhatsApp kama wa Sinza. Nilikutana na kijana mmoja anachoma mahindi barabarani, mpole, ana sweta la shule ya msingi mpaka leo. Usiku akanionyesha profaili yake. Loo! Anaishi Masaki, amesoma chuo kikuu, ana gari jeupe, na jina ni la kizungu la kwanza mpaka la mwisho. Nikamuuliza, picha ya gari umeitoa wapi? Akacheka, akasema lilipita siku ya harusi, akalipiga picha na yeye akiwa ameliegemea kidogo, dereva alikuwa anakula pilau.

Mimi sikumlaumu. Facebook unajiita unavyotaka, hata Sultani. Lakini laini ya simu ndugu yangu, huko jina hulichagui. Na ndio stori yenyewe niliyokuja nayo kutoka Heru Juu.

Siku ya pili nilikwenda kwa wakala wa pesa kutoa hela kidogo. Kibanda kidogo, daftari liko wazi kaunta, na kila anayetoa au kuweka anaandikwa: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Wateja wanaosubiri wanalisoma lile daftari kama wewe unavyosoma gazeti hili. Nani katumiwa na nani, shilingi ngapi, lini. Mzee mmoja mbele yangu alimtajia binti wa kaunta namba yake ya siri kwa sauti, tena akairudia ili asikosee. Sisi sote tuliokuwa pale tunaijua mpaka leo. Hakuna aliyeshtuka ila mimi mgeni.

Kilichonishangaza zaidi ni majina. Anakuja mama, anatoa hela, wakala anasoma jina kwenye simu: la mwanamume. Anakuja kijana wa miaka kama ishirini, jina la bibi kizee. Dada mmoja mjamzito, jina la mwalimu mstaafu. Yule binti wa kaunta hashangai, anajua nani yuko kwenye kidole cha nani kijiji kizima. "Huyu yuko kwa mjomba wake, yule yuko kwa jirani," ananieleza, kama mtu anayeeleza nani amepanga nyumba ya nani.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa? Zamani laini ulikuwa unanunua kama karanga, unaweka kwenye simu unaongea, basi. Ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, laini ikawa ya kusajiliwa, lakini wakati ule kitambulisho chochote kilitosha. Halafu Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole, lazima namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20. Mwisho uliwekwa Desemba 31, 2019. Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, akaongeza siku 20, mwisho ukawa Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Kule Dar tulipanga foleni, tukalalamika, tukapata namba, tukasahau.

Huku juu haikuwa hivyo. Kiha na Kirundi ni lugha za mtu na ndugu yake, wanasikilizana bila mkalimani. Mpaka uko karibu, na watu wamekuwa wakivuka kukimbia vita: Warundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na Wakongo kuanzia 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa humu humu wilaya ya Kasulu. Kwa hiyo mtu wa Kigoma akiomba kitambulisho cha taifa hachukuliwi kirahisi kama mtu wa Mbagala. Anahojiwa. Wazazi walizaliwa wapi, babu alizikwa wapi, cheti kiko wapi. Na babu wa watu alizikwa chini ya mgomba mwaka ambao hakuna aliyekuwa na kalamu. Wabunge wa Kigoma wameshalisemea hili Bungeni mara nyingi. Wapo waliopata bila taabu, wapo waliopata baada ya miaka, na wapo wanaongoja.

Sasa laini zinazimwa, namba huna, utafanyaje? Unamtafuta ndugu mwenye namba, anaweka kidole kwa niaba yako. Ndivyo ukoo mzima ulivyohamia kwenye kidole kimoja.

Nije kwa Mama Maharage. Hilo jina nimempa mimi, lake silitaji, na nitaeleza kwa nini alikubali nimwandike. Ni mama wa makamo, ana watoto wanne, ananunua maharage kwa wakulima wa vilima vya huku, anayapepeta, anayafunga kwenye magunia na kuwatafutia wateja wa mbali kwa simu. Hana gari, hana ghala, ana simu ndogo ya batani na sauti nzuri. Kichwani mwake zimo namba za wateja wa Mwanza, Kahama mpaka Dar. Kitambulisho hana, mumewe pia hana. Laini yake iko kwa jina la shemeji yake, mdogo wa mume, ambaye alipata namba mapema na Januari ile ya 2020 akawasajilia watu sita wa ukoo kwa siku moja.

Basi juzi juzi akapata mteja mpya wa Mwanza, mfanyabiashara wa kweli, wamekubaliana bei, gunia zimeshafungwa, imebaki atume hela ya kutangulizia. Mama Maharage akamwambia kama anavyowaambia wote: "Tuma kwenye namba hii hii, jina litakuja la shemeji."

Msomaji wangu, unaisikia hiyo sentensi? Wewe mwenyewe umeshatumiwa meseji ngapi za "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja" la fulani? Ndio wimbo wa matapeli wa nchi hii. Watoto wa shule wanaujua kwa moyo. Tumefundishwa kwamba ukiona jina halifanani na mtu unayeongea naye, kimbia, na namba yake itume 15040. Na yule bwana wa Mwanza alifanya alichofundishwa. Alikata simu. Alipopigiwa tena hakupokea. Maharage Mama Maharage akaishia kumuuzia dalali aliyepita na lori, kwa bei ya dalali, na dalali huwa hana haraka akishajua una shida.

"Ningesemaje?" aliniuliza. Alikuwa anachambua mboga, haniangalii. "Nimdanganye kwamba mimi ndio huyo mwanamume? Sauti yangu anaisikia. Nimwambie ukweli, ndio huo, na ukweli wangu unafanana na uongo wa watu."

Mimi nilikaa kimya. Nina mdomo mrefu lakini pale nilikaa kimya. Jamani, yule kijana wa mahindi anaidanganya dunia nzima usiku kucha na anapata laiki. Huyu mama anasema kweli tupu na anakatiwa simu.

Na sio wateja peke yake. Akishuka Kasulu mjini kutoa hela, wakala asiyemjua anamdai kitambulisho chenye jina lile. Anarudi mlimani kwa yule binti anayejua nani yuko kwa nani. Kwa hiyo hela yake ina thamani kwenye kibanda kimoja tu duniani. Kubwa kuliko yote, shemeji mwenyewe alihamia Kahama kutafuta maisha. Laini ikiungua au simu ikiibwa, kuirudisha kunataka kidole, na kidole kiko Kahama. Tena huyo mwenye kidole akiamua, anaingia dukani Kahama, anasema laini yangu imepotea, anapewa nyingine dakika kumi. Namba, salio, meseji zote zinamfuata yeye, huku Heru Juu mama anabaki na kipande cha plastiki.

"Ni mtu mzuri," alisema, kama aliyesikia nilichokuwa nawaza. "Lakini mwaka juzi waligombana na kaka yake kuhusu shamba. Miezi miwili nililala na simu nikiiangalia. Kila hela ikiingia natoa siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza, na yeye shemeji haogopi? Kwa sababu upande wa pili nao una moto wake. Watu sita wako kwenye jina lake. Mmoja akikopa mkopo wa simu asilipe, anayeandikwa mdaiwa ni yeye. Mmoja akitukana mtu mtandaoni au akitapeli, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na ikianza kufuatilia namba inakuta jina la aliyeweka kidole. Mama Maharage alicheka kidogo. "Anaogopa. Kila Krismasi akija anatuhesabu."

Kwenye mikopo hapo naomba nipumzike kidogo, maana Heru Juu nimesikia ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Kuna jamaa alipakua programu ya kukopa haraka kwenye simu ya tachi. Ile programu ikamwomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza sote bila kusoma. Alipochelewa kulipa, meseji za kumwita mwizi zikaanza kwenda kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake: mwalimu mkuu, katekista, fundi baiskeli, na mama mkwe. Mama mkwe! Wanaojua mila za huku wanajua kwamba mbele ya mama mkwe hata kukohoa unaomba ruhusa. Jamaa alikaa mwezi mzima hapiti njia ya ukweni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kwa jamaa yangu tangazo lilichelewa, mkwewe alikuwa ameshasomewa.

Kwa wanaopenda sheria, ipo sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalumu, zisitumike kwa jambo jingine, na mwenyewe ana haki ya kujua zinafanywa nini. Nimeipenda. Lakini nilijiuliza pale kibandani, huku daftari limefunguliwa ukurasa wa leo: sheria inamlinda "mwenye taarifa". Kwa Mama Maharage mwenye taarifa ni nani? Namba ni ya kwake, maharage ya kwake, jasho la kwake, kwenye mtambo ni shemeji. Akienda kulalamika, anakwenda kama nani?

Ndio maana alikubali nimwandike. Alisema niandike kwamba hajajificha. Anataka namba ya jina lake mwenyewe, amepeleka fomu, amehojiwa, amewataja mababu wake mpaka wa tano na vilima vyao. Wa tano! Mimi wa kwangu naishia kwa babu mzaa baba, na namba yangu ya NIDA niliipata.

Jioni ya mwisho tulikaa uani kwa baba mkubwa wa mshikaji wangu, mzee wa heshima, mwenye kitambulisho cha taifa alichokipiga plastiki na kukitundika ukutani karibu na picha ya kipaimara. Stori zikaja za laini, nikamwambia, mzee, shikamoo, ukipiga *106# unaweza kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Akasema marahaba, hebu nipigie. Nikampigia. Zikaja namba, na nyingine, na nyingine. Watoto waliokuwa wanamenya muhogo wakanyamaza.

Mzee akavaa miwani. Akaanza kuzisoma moja moja kwa kidole. Hii yangu. Hii ya mama yenu. Hii ya binti aliyeolewa Kibondo. Hii ya mwanangu wa Dar. Halafu zikabaki mbili asizozijua kabisa, wala hakuna mtu pale uani aliyezijua. Akakumbuka kwamba mwaka ule wa kuzimwa laini, kijana wa mwavuli alimwambia kidole hakijashika, weka tena, weka tena.

Akaniomba niziandike zile mbili kwenye karatasi, tarakimu kubwa, kesho ashuke nazo Kasulu zikafutwe. Nikaandika. Akaikagua karatasi, akaangalia tena simu, akawa kama mtu anayetaka kusema kitu anasita.

"Hebu subiri," alisema. "Hii ya mwisho isijekuwa ni ya yule mke wa jirani. Nilimwekea kidole, mumewe alikuwa safarini." Akamtuma mtoto mbio, giza limeshaingia, akamuulize yule mama namba yake inaishia na ngapi.